Mguu wa Kulia wa Mama Nice

Na Muhannad Saleh, Fundi wa Breki

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bi. Winifrida Massawe, ambaye sote tunamwita Mama Nice kwa jina la binti yake wa kwanza, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Tufani Motors, Gerezani, kwa miaka thelathini na nne kasoro siku nne. Aliripoti kazini Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1991. Uongozi umekaa, ukatafakari, ukahesabu mara mbili, na kwenye cheti chake cha utumishi umeandika miaka thelathini na mitatu, kwa kuwa mwaka ambao haujatimia si mwaka. Tunaushukuru kwa umakini huo. Tungekaza nati za magurudumu kwa umakini wa namna hiyo, tungekuwa mbali.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu la karakana. Nilipewa masharti matatu: uwe mfupi, uchangamshe, na usifukue mambo yaliyokwisha. Nitajitahidi kutimiza hilo la pili.

Mama Nice alizaliwa Kibosho, akaja Dar es Salaam kwa kaka yake mwenye duka la jumla Mtaa wa Mchikichi, akaajiriwa hapa akiwa mpiga taipu. Taipureta ya ofisi wakati huo ilikuwa imekatika herufi K, kasoro ambayo mwanzilishi wa karakana aliiona ndogo. Kwa miezi saba barua zetu ziliwaarifu wateja kwamba "bre i za o zi o tayari", na wateja wakaja vivyo hivyo. Baadaye akahamishiwa stoo, ambako ameketi hadi leo kwenye stuli ileile ya mbao, nyuma ya dirisha la wavu.

Wote tumesimama mbele ya dirisha lile. Ukienda kuomba nati, Mama Nice anakuuliza ni ya gari gani, ya gurudumu gani, na ya zamani iko wapi. Ukikosa jibu moja unarudi ulikotoka kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Mvua za El Niño zilipoingiza maji stoo, alipandisha maboksi ya beringi hadi kwenye kenchi za paa peke yake, siku mbili mfululizo, na hakikupotea hata kifuniko kimoja. Kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka ule mwanzilishi aliwashukuru mafundi wote, aliyejenga paa, na Mwenyezi Mungu, kwa mpangilio huo.

Lakini ya stoo nawaachia wengine. Mimi nataka kuuzungumzia mguu wake wa kulia.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kuinama chini ya gari, nitaeleza mara moja tu. Breki ya gari hufanya kazi kwa mafuta. Dereva anakanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kwenye bomba, yanabana breki za magurudumu, gari linasimama. Mafuta hayabonyei. Upepo unabonyea. Ukiingia upepo kidogo tu ndani ya bomba, mguu wako unaubonyeza upepo, na gari linaendelea na safari zake. Kwa hiyo kila breki ikifunguliwa lazima upepo utolewe, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja chini na spana, anafungua na kufunga nati ndogo ya kutolea upepo, mwingine ndani ya gari, anakanyaga. Wa chini huitwa fundi. Wa ndani haitwi kitu.

Siku moja ya mwaka 1992 fundi mkuu wetu wa zamani, Mzee Onesphory, alikuwa chini ya lori la bandarini na hakuwa na mtu wa kukanyaga. Wote walikuwa wameenda kula. Alitoka, akachungulia dirisha la stoo.

"Binti, una mguu?"

"Ninayo miwili, mzee."

"Nahitaji mmoja. Njoo."

Mama Nice alikuwa amevaa viatu vya kisigino alivyonunua Mtaa wa Kongo kwa heshima ya kazi ya ofisini. Hakutaka viharibike, akavivua, akapanda kwenye lori peku. Mzee Onesphory akamfundisha maneno manne: pampu, shikilia, imezama, achia. Walipomaliza magurudumu yote Mzee alitoka chini akijifuta mikono, ameridhika.

"Nyuma kulia bado," alisema Mama Nice.

"Nani amekuambia?"

"Hapa," akajibu, na kuonyesha wayo. "Mwishoni kuna kitu kinabonyea kama andazi."

Mzee Onesphory alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na alikuwa na kila haki ya kukasirika. Badala yake akarudi chini ya lori, akafungua nati ya nyuma kulia, na mapovu yakatoka. Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka mikononi mwake kabla Mama Nice hajavua kiatu. Katika orodha ya vifaa ya mwaka 1994, ukurasa wa breki, kumeandikwa kwa mwandiko wa Mzee: spana, mpira mwembamba, chupa ya kioo, mguu mmoja. Mkaguzi alipopita aliweka tiki kwenye vyote vinne.

Alikanyaga malori, alikanyaga mabasi, alikanyaga gari la kubebea maiti la taasisi moja ya dini, ambalo msimamizi wake alikuwa na haraka kwa kuwa mazishi yalikuwa saa kumi. Mama Nice aliketi, akakanyaga, akamwambia kwa upole kwamba likitoka hivyo litarudi na abiria wa ziada. Msimamizi akasubiri. Marehemu naye, kwa taarifa tulizonazo, hakulalamika.

Kwa kazi hii hakupewa cheo, wala barua, wala ovaroli. Alipewa nafasi ya kurudi stoo akakute foleni.

Mwaka 2019 mwanzilishi alipumzika, na mwanawe, Meneja Hillary, akachukua uongozi akiwa na shahada ya biashara na mawazo mapya. Wazo la kwanza lilikuwa mashine. Inaunganishwa juu ya chombo cha mafuta ya breki, inasukuma yenyewe, mafuta yanatoka kwenye nati, ukiona hayana mapovu unafunga. Haihitaji mguu wa mtu. Wazo la pili lilikuwa tangazo, na bado ninalo: "Mtumishi wa stoo asionekane tena ndani ya gari la mteja, hasa akiwa peku." Mama Nice alilisoma, akalitoboa matundu mawili, akalihifadhi kwenye faili la matangazo. Kisha akarudi kwenye stuli yake.

Hapa niseme ukweli wangu, maana wa wengine nimeshausema. Mimi nilifurahi. Mzee Onesphory alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa breki. Si jambo tamu, ukiwa mkuu wa breki, kuambiwa mbele ya mafundi wako na mtu wa stoo kwamba rudia mbele kushoto. Mashine haikuwahi kuniambia nirudie kitu. Tulielewana sana.

Mwaka jana, mwezi wa pili, ikaletwa Pijo 504 ya mwaka 1973. Ililetwa juu ya gari la kuvuta kutoka Magomeni, ambako ilikuwa imekaa miaka ishirini na miwili ndani ya ghala nyuma ya marobota ya vitambaa. Mwenyewe ni Mzee Humoud, muuza vitambaa wa hapo Kariakoo, wakati huo ana miaka sabini na tisa. Aliyesimamia kazi ni binti yake, Shaima, anayeishi Kigamboni.

Gari kwa karatasi ni la Mzee Humoud, lakini kwa haki ni la mkewe, Bi. Fakhriya. Ndilo alilojifunzia kuendesha, na miaka ya sabini alikuwa akipita nalo Mtaa wa Msimbazi watu wakitoka madukani kumtazama. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Ghorofa yao ya Kariakoo ina ngazi hamsini na nne, kwa hiyo akahamia kwa Shaima, kwenye nyumba ya chini. Mzee akabaki na duka, akawa anavuka maji kila Ijumaa baada ya swala na kurudi Jumamosi. Maneno ya Bi. Fakhriya yalikuwa yamepungua sana tangu augue, ila mara mbili alimuuliza mumewe gari liko wapi. Mara ya pili Mzee alitoka, akampigia Shaima akiwa bado kwenye pantoni, akamwambia lifufuliwe.

Nitajisifu kidogo, maana sehemu inayofuata hainiruhusu. Kazi ilikuwa nzuri. Bodi lilinyooshwa, viti vikashonwa upya kwa ngozi ya kahawia, rangi ikawa ya maziwa kama zamani. Breki zilikuwa zangu. Mabomba yote nilibadilisha. Zile kalipa mbili za mbele, yaani mapande ya chuma yanayoibana diski, nilizifungua siku moja, nikazisugua, nikazipaka rangi nyekundu kwa sababu Meneja aliona zitapendeza kwenye picha, nikazitundika pamoja kwenye waya mmoja zikauke kama samaki. Siku hizi hakuna anayelazimika kupitisha vitu stoo vifungwe vibandiko vya kulia na kushoto. Uongozi uliona utaratibu huo unachelewesha.

Nilizirudisha, nikaunganisha mashine, mafuta yakatoka safi kama maji ya chupa. Nikafunga. Nilipokanyaga, pedeli ilizama nusu. Nikakanyaga tena, ikashika. Nikazunguka nayo uani taratibu, ikasimama. Niliisikia ile nusu. Nataka ieleweke hivyo, kwamba niliisikia. Nikajiambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Mashine imesema safi, sherehe ni Jumamosi, na ni nani angependa kufungua magurudumu mapya ya kung'aa siku mbili kabla ya sherehe?

Maana ilikuwa sherehe. Jumamosi ya tarehe 20 Aprili, katikati ya masika, Meneja alifunga turubai uani, akaleta sambusa, soda, mpiga picha na utepe mwekundu. Waliitwa wateja wakubwa wa Kariakoo. Mpango ulikuwa mfupi: hotuba, utepe, Mzee Humoud anaingia na kuliendesha mwenyewe hadi kivuko cha Feri, anateremka kwenye pantoni, anavuka, anampakia mkewe. Mimi nilivaa koti jipya jeupe. Sijui fundi anavaaje koti jeupe, lakini nilivaa.

Mama Nice alipewa kazi ya kuleta funguo kwenye sinia. Akazileta. Halafu, Meneja akiwa bado kwenye hotuba, mahali pa "ubunifu na weledi", akafungua mlango wa dereva ili aondoe nailoni iliyokuwa imefunika kiti. Akaiondoa. Akakaa. Nikamwona anainama kidogo, na moyo wangu ukajua kabla ya kichwa changu kwamba anavua kiatu.

Alikanyaga mara moja. Akatulia. Akaachia, akakanyaga tena. Kisha akavuta mlango, akaufunga.

Hotuba ikaisha. Watu wakapiga makofi, utepe ukakatwa, Mama Nice yumo ndani. Meneja Hillary alisogea dirishani na tabasamu lake la picha.

"Mama, naomba ushuke. Wageni wanaangalia."

"Waangalie, Meneja. Si ndiyo maana umewaalika?"

"Mama Nice, tafadhali."

"Hii gari haiendi. Breki ina upepo."

Tabasamu likabaki lilipo ila macho yakanigeukia mimi. Nikaenda upande wa pili, nikaingiza kichwa.

"Mama, mashine imesema breki ni safi," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Mashine imesema. Wewe unasemaje?"

Nikaangalia usukani. Aliniangalia hivyohivyo, mguu peku juu ya pedeli, na nikaona kwamba anajua kuwa najua. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kama wanavyopandwa na hasira watu wote waliokosa.

"Kazi yako ni stoo, mama! Shuka!"

Nilisema kwa sauti. Watu wa sambusa waliacha kutafuna.

"Ndiyo, kazi yangu ni stoo," akajibu bila kupandisha sauti. "Fungua gurudumu la mbele."

Shaima alikuwa amefika na mwavuli. "Jamani, kuna nini? Mama yangu amevalishwa tangu alfajiri, yuko barazani kwenye kiti anatazama geti. Nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie tunakuja, mwanangu. Tena wazima."

"Lakini mbona mafundi wanasema iko sawa? Wewe ni fundi?"

"Hapana," alisema Mama Nice.

Hilo jibu lilimfaa Meneja, akaanza kusema kwamba mama huyu ni mtu wetu wa siku nyingi, umri umesogea, anakaribia kupumzika. Mzee Humoud alikuwa amekuja polepole na fimbo yake. Akamwashiria Meneja kwa mkono anyamaze, akainama dirishani. Mama Nice akashusha kioo chote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeona nini?"

"Sijaona, mzee, nimesikia. Ukikanyaga mara ya kwanza inazama nusu. Ya pili ndiyo inashika. Hapa uani ni sawa, mara ya pili utaipata. Pale Feri kuna mteremko, kuna mvua, na mbele yako kuna watu na maji. Mara ya pili utaikuta baharini."

Mzee akatazama juu. Mvua ilikuwa inapiga turubai.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka Muhannad afungue gurudumu la mbele. Nikiwa nimekosea nitashuka, nitaomba radhi kwa kila mtu hapa, na Meneja ataniandikia barua. Ila sasa hivi sishuki, mzee wangu. Nisamehe. Nikishuka utaingia wewe."

Mzee Humoud akageuka, akaomba kiti. Wakamletea kimoja cha plastiki. Akakiweka karibu kabisa na mlango wa dereva, akaketi na kusimamisha fimbo katikati ya magoti.

"Mimi nina subira," alimwambia Meneja. "Nimesubiri miaka ishirini na miwili, sitashindwa saa moja. Fungueni."

Kwa hiyo nikapiga jeki, nikiwa na koti jeupe, mbele ya wateja wakubwa wa Kariakoo na mpiga picha ambaye hakuna aliyemwambia aache. Nikatoa gurudumu la mbele kulia. Kalipa ilikuwa nyekundu, safi, nzuri. Nikaingiza mkono kutafuta nati ya kutolea upepo pale juu inapokaa siku zote, na vidole vyangu havikukuta kitu. Nikashusha mkono. Ilikuwa chini.

Sikuhitaji kufungua la kushoto, ila nilifungua. Nayo chini. Nilikuwa nimezibadilisha. Ya kulia nimeifunga kushoto na ya kushoto kulia, na nati zote mbili zilikuwa zinatazama sakafu. Upepo hupanda juu. Hili analijua hata mtoto anayepuliza povu la sabuni. Mashine ilikuwa imesukuma mafuta mazuri yasiyo na mapovu kupitia chini, na upepo wote ulikuwa umekaa juu ya kalipa, umestarehe, unasubiri kwenda Feri.

Nilibaki nimechuchumaa. Nilimwona Mzee Humoud kupitia chini ya mlango, ndara zake na ncha ya fimbo. Nikamwona kwenye ule mteremko. Nikamwona Shaima pembeni yake na mama mmoja barazani Kigamboni anayetazama geti. Nilitaka kusema nati ililegea. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na wote ungepita, maana pale hakukuwa na mtu mwingine anayejua breki.

Niliinuka, nikamwambia Meneja sikioni, "Kalipa nimezigeuza."

Rangi ilimtoka. "Wageni wasijue," akanong'ona.

Mteja mmoja akauliza kwa sauti tatizo lilikuwa nini. Nilifungua mdomo. Mama Nice akanitangulia kutoka ndani ya gari:

"Upepo tu, baba. Upepo hauna adabu. Endelea na soda."

Hakunitazama. Mtu niliyemfokea mbele ya watu nusu saa nyuma alinisitiri mbele ya watu walewale.

Nilivua koti. Kuzigeuza kalipa kulichukua saa moja na nusu. Mashine nilitaka kuiunganisha kwa mazoea, nikaiacha. Nikachukua mpira mwembamba na chupa ya kioo, nikalala chini.

"Pampu!"

"Napampu."

"Shikilia!"

"Nimeshika."

Nikafungua nati. Mapovu yakaingia kwenye chupa makubwa, yanakoroma kama ngamia.

"Imezama!" akaita.

Nikafunga. "Achia!"

Tulirudia hivyo kila gurudumu, tukianza na lililo mbali kabisa na dereva. Wageni walikuwa wameanza kuondoka, wachache walibaki kwa ajili ya sambusa. Mbele kushoto nilidhani imekwisha. "Bado punje," alisema. Nikafungua, likatoka povu moja, dogo kama punje ya mtama. Kisha akakanyaga na kukaa muda mrefu.

"Sasa jiwe," akasema. Akavaa kiatu, akashuka.

Mzee Humoud akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akamwomba apande nao hadi Kigamboni. Mama Nice alishukuru, akasema stoo kuna foleni. "Mchukueni Muhannad," aliongeza. "Akae mbele, karibu na kioo."

Niliona ni utani. Hakuwa anatania.

Tulifika Feri saa nane na nusu, mvua inanyesha. Nilikaa pembeni ya Mzee, Shaima nyuma. Mlango wa pantoni ulikuwa wazi na magari yameanza kuteremka. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa kreti za soda, watu wawili wameushikilia kwa nyuma usikimbie, na wanawake watatu na ndoo zao pembeni. Tulipokuwa katikati ya mteremko gurudumu la mkokoteni likanasa pale chuma cha pantoni kinapokutana na saruji. Ukasimama ghafla. Mmoja wa wale wawili aliteleza, akaanguka chali, kichwa kuelekea kwetu.

Mzee Humoud alikanyaga mara moja. Hakupampu, hakuwa na nafasi ya kupampu. Pijo ikakaa. Kutoka kwenye bampa hadi kichwa cha yule kijana hapakuzidi hatua mbili. Aliinuka, akajipangusa, akatupungia mkono wa kuomba radhi, yeye atuombe radhi sisi! Nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimekanyaga, kwa nguvu zote, upande wangu usio na pedeli.

"Umeona?" alisema Mzee, wala hakuwa akiniuliza. Akaachia breki, tukapanda pantoni, tukavuka.

Bi. Fakhriya alikuwa barazani, kilemba kimefungwa, mkono mmoja umelala kwenye mapaja. Alilitazama gari likiingia getini. Mumewe akashuka, akasimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuposa.

"Umechelewa," alisema Bi. Fakhriya, taratibu, kila herufi mahali pake. Shaima akageukia ukuta akalia. Niliambiwa lilikuwa neno lake la kwanza lililonyooka tangu kabla ya Ramadhani.

Nawaombeni radhi kwa kuwa sharti la ufupi limekufa. Sasa hili la mambo yaliyokwisha. Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, uongozi ulitoa Tuzo ya Ubora kwa "ukarabati wa kihistoria wa Pijo 504, hususan mfumo wa breki". Aliyeitwa mbele ni mimi. Nilikwenda. Nilipokea cheti chenye fremu ya dhahabu, nikapeana mkono na Meneja, nikapigwa picha. Mama Nice alipiga makofi kutoka safu ya nyuma, na alipiga kwa dhati, ndiyo maana sijalala vizuri tangu siku hiyo. Asubuhi ya leo nimekitoa cheti ukutani na kukipeleka dirisha la stoo. Akaniuliza ni cha gari gani, cha gurudumu gani. Nikamwambia Pijo, mbele, yote mawili. Alikishika akakisoma mpaka chini, akasema jina si lake, hawezi kukipokea bila hati, akanirudishia. Kwa hiyo naandika hapa, na hili liwe hati yake: breki za gari lile nilizikosea mimi, na aliyezinusuru ni Winifrida Massawe.

Meneja Hillary, kwa haki yake, aliliondoa lile tangazo la mwaka 2019 bila kutoa tangazo la kuliondoa. Mashine ipo. Inasukuma mafuta vizuri, na baada yake mtu anavua kiatu.

Uongozi ulikuwa umemnunulia saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye kuanzia Jumatatu hahitaji kujua ni saa ngapi. Kisha mtu mmoja kati yetu akapata wazo geni la kumuuliza mwenyewe anataka nini. Mama Nice alifikiri, akaona haya kidogo, akasema angependa kufundishwa kuendesha gari.

Tulitazamana. Miaka thelathini na nne, kasoro hizo siku nne, amekuwa nasi, amekanyaga breki za nusu ya mji huu, na hajawahi kuendesha gari hata hatua kumi. Magari yote aliyoyakanyagia yalikuwa juu ya jeki, au yamezimwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na mimi nilikuwa mmoja wa hao hakuna.

Jumapili iliyopita, alipotoka kanisani, nilimchukua kwa pikapu ya karakana hadi viwanja vya Jangwani. Aliketi, akavua kiatu. Nikamwonyesha klachi, nikamwonyesha pedeli ya mafuta. Mzunguko wa kwanza tulikwenda hatua tano tano, maana kila gari lilipoanza kutembea aliona ni kasoro akalisimamisha, na paji langu la uso lina ushahidi. Mzunguko wa pili lilizimika mara sita. Wa tatu lilikubali, likaenda, gia ya kwanza, halafu ya pili, vijana wa mpira wakikimbia kupisha na kushangilia. Mama Nice alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya gari lolote nililolitengeneza naye. Alikuwa anacheka.

"Kumbe linakwenda!" alisema.

Mama Nice, asante kwa mguu, asante kwa nati zote, asante kwa kunisitiri nilipostahili kuanikwa. Mungu akupe afya na umri, wajukuu wakuheshimu, na leseni itoke mapema. Ukifika kona uende polepole. Majirani zake wa Magomeni, nanyi tumewaarifu: akipita, pisheni.